Mkono wa Kushoto Ulikuwa wa Mjomba

Picha yenyewe niliipiga mimi, kwa simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka pembeni. Bibi amesimama kwenye mchanga wa bahari, Dar es Salaam, viatu vya raba miguuni, khanga inapigwa na upepo, na nyuma yake ni maji mpaka macho yanapoishia. Niliituma kwenye kundi la familia tukiwa bado hatujaondoka pale ufukweni. Mpaka tunafika stesheni kupanda treni ya kurudi Dodoma, mama wadogo na binamu walikuwa wamelijaza kundi pongezi. "Hatimaye!" aliandika mmoja. "Hatimaye bibi kaiona bahari!" Wengine waliweka makofi na mioyo.

Neno hilo limekaa kichwani mwangu tangu siku ile. Unanijua nilivyo. Neno moja la mtu naweza kulala nalo na kuamka nalo, nikaligeuza huku na huku mpaka likapoteza maana. Lakini hili halipotezi maana. Kila nikilitazama naona walioandika walikuwa na haki ya kufurahi, na naona pia hawakujua walichokuwa wanakifurahia. Siwezi kuwaeleza kule kwenye kundi. Nakueleza wewe.

Nililelewa na bibi mzaa mama, hapa hapa Dodoma mjini, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mwarobaini mmoja uani na banda la kuku. Mama yangu ni muuguzi, na kazi ilimhamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi na mjomba. Mjomba alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi. Degedege ilimkamata angali mdogo sana, ikamwacha haoni, hasemi, na miguu yake haikupata tena nguvu ya kumbeba. Mimi nilipoanza kupata akili yeye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Asubuhi bibi alimkalisha kwenye mkeka upande wa ukuta unaopata jua, na jua likihama, naye alihamishwa. Ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika maisha, kushika upande mmoja wa mkeka wa mjomba.

Mchana alikubali kulishwa na mtu yeyote. Chai, ndizi mbivu, uji, hakuwa na neno. Lakini chakula cha jioni alikipokea kutoka kwenye mkono mmoja tu. Bibi alisonga ugali wa uwele, akachovya kwenye mlenda, akafinyanga matonge madogo na kumwekea mdomoni huku akimsimulia habari za siku nzima. Akijaribu mwingine, hata mama yangu aliyekuwa dada yake wa damu, mjomba aliuma meno. Na kuku wakishaingia bandani, hewa ikapoa, na bibi hajatokea, alianza kupiga kisogo ukutani. Taratibu kwanza. Halafu kwa nguvu.

Ndiyo maana bibi hakuwahi kulala nje ya nyumba yake. Awe amealikwa harusi au amefiwa na ndugu, alitoka asubuhi na jioni yupo. Watu walishazoea. Wakimpikia kwenye shughuli zao walimpikia mapema, na mtu aliyekuwa akisimulia habari ndefu alimwambia, "Wewe nenda, nitakumalizia siku nyingine." Hata hivyo usidhani alikuwa mtu wa kukaa ndani. Sijawahi kuona mtu anayependa safari kama bibi. Alichohitaji ni safari zinazokwenda na kurudi.

Hizo safari alitupatia jirani. Ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka India, yeye mwenyewe alizaliwa Dodoma, na Kigogo chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa na duka la jumla karibu na soko, na pikapu ya samawati iliyofubaa mpaka huwezi kuapa kwamba ni samawati. Jumamosi alipeleka bidhaa kwa wenye maduka ya vijijini: sabuni, chumvi, majani ya chai, betri za tochi. Alidai akiendesha peke yake usingizi unamkamata, na kwamba hajapata dawa ya usingizi inayoushinda mdomo wa bibi.

"Mbukwenyi!" aliita kutoka getini, kwa salamu ya Kigogo, jua likiwa bado halijapanda.

"Mbukwa," bibi alimjibu kutoka jikoni. "Umekunywa chai kwako, muuza sabuni, au umekuja kuimaliza yangu?"

"Nimekunywa, mama. Lakini ya kwako ina tangawizi. Mume wako ameamka?"

"Mume wangu huyo hapo, hajui hata kiatu chake kimoja kiko wapi."

Mume mwenyewe ndiyo mimi, mjukuu wa kiume, bibi ananiita hivyo mpaka leo. Nilikuwa natafuta kiatu mbio mbio, maana tangu utoto nilikuwa na hofu kwamba wataondoka wakanisahau. Nilikaa katikati yao, magoti yangu yamebanwa na gia, na kwenye mapaja yangu kuna kopo la chuma la mke wa jirani lenye chapati, viazi vya manjano vilivyokaangwa na haradali, na achari ya embe iliyokuwa ikinukia mpaka inaumiza taya. Mke wa jirani mwenyewe hakuja. Yeye alipita uani kwetu na vitambaa vyake vya kudarizi, akaketi kwenye kigoda karibu na mjomba, na hapo alikaa mpaka tuliporudi. Sikumsikia hata siku moja akiiita kazi.

Tulikwenda Zuzu, karibu kabisa, ambako duka la mteja wa jirani lilikuwa hatua chache kutoka kwenye reli, na nikiwa na bahati treni ya mizigo ilipita ikitetemesha mpaka chupa za soda rafuni. Tulikwenda kwenye mashamba ya zabibu msimu wa kuvuna, vidole vikarudi vimenata. Tulikwenda Busi, kule Kondoa, ambako barabara ilipanda na kushuka mpaka bibi akamwuliza jirani kama analipwa kwa kila shimo analoingia. Busi udongo ni mwekundu na karanga zake mbichi, zikichemshwa na chumvi, sijazipata kwingine zenye utamu ule. Tulikula tumekaa nyuma ya pikapu iliyofunguliwa, miguu inaning'inia, katoni za sabuni zikiwa kiti na meza.

Na hapo wakati wa kula ndipo nilipoliona jambo la mkono kwa mara ya kwanza. Bibi alikula kwa mkono wa kulia kama watu wote, lakini wa kushoto aliuficha ndani ya upindo wa khanga, ngumi imefungwa. Jirani alimmiminia maji ya kunawa.

"Na huo mwingine, mama?"

"Huu si wa kula."

"Najua si wa kula. Lakini umeshika mavi ya mbuzi, nimekuona kwa macho yangu."

"Nimeshika mbuzi. Kama mbuzi alikuwa na mavi ni shauri lake."

Jirani alicheka mpaka akaweka chapati chini. Mimi nilimwuliza bibi kwa nini hanawi, akaniambia kama vile anaeleza kwamba maji yanalowesha: "Mkono wa kulia ni wangu. Wa kushoto ni wa mjomba wako."

Kwa hiyo kila tulikokwenda alikuwa akikusanya. Kwenye zabibu alipondaponda jani na tunda moja lililooza. Zuzu aliinama akasugua kiganja kwenye mataruma ya reli yaliyolowa mafuta meusi. Busi alifinyanga ule udongo mwekundu na mate kidogo, akaongeza mabua ya karanga. Njia nzima ya kurudi mkono ulikaa umefungwa ndani ya khanga ili vumbi lisichukue harufu. Bibi hakuutoa hata kufungua mlango wa gari. Nilimfungulia mimi.

Tukifika, kabla ya shikamoo za mke wa jirani kuisha, bibi alipiga magoti kwenye mkeka na kuufungua mkono mbele ya uso wa mjomba. Laiti ungeona. Mjomba alikishika kiganja kile kwa mikono yake miwili, akakiweka puani, na akanyamaza kabisa. Alianza kwenye mzizi wa kidole gumba, akapita kidole kwa kidole. Kisha uso ukafunguka. Harufu ya mafuta ya reli aliijibu kwa mlio mrefu wa kooni, kwa kuwa honi ya treni alikuwa akiisikia kutoka mjini tangu utoto, sasa nayo imekuja na mwili. Ya mbuzi aliijibu kwa kulia kama mbuzi. Zabibu alizilamba. Bibi alikuwa anamwambia, "Hapo tulisimama, hapo palikuwa na kilima, hapo jirani yako huyu alitupitisha kwenye shimo," na mjomba akinusa akicheka, akinusa akicheka. Halafu ndipo bibi alinawa mikono yote miwili, akaingia jikoni kusonga ugali.

Mke wa jirani alizaliwa Tanga. Siku zile ndefu za kukaa na mjomba alimwongelesha mambo ya kwao, na jioni moja, wakati anakunja vitambaa vyake, bibi alimwuliza, "Hivi bahari inanuka?"

"Inanuka, mama. Unaisikia kabla hujaiona."

"Inanuka nini?"

Akafikiri. Nakumbuka alifikiri sana, sindano iko mdomoni. "Siwezi kukwambia. Hakuna kitu cha huku kinachofanana nayo."

Basi likaanza hapo. Bibi aliitaka bahari, lakini aliitaka kiganjani. Kuitazama halikuwa jambo lililomshughulisha. Kila akikutana na mtu aliyetoka Pwani alimwuliza safari inachukua muda gani, na kila mmoja alimpa jibu lile lile, kwamba kwa basi ni siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi. Alikuwa anaitikia, "Aa," kisha anabadilisha mazungumzo. Jirani alipokwenda Dar es Salaam kununua bidhaa alimletea maji ya bahari kwenye chupa. Bibi alilowesha mkono, akampelekea mjomba. Mjomba alinusa mara moja, akageuza uso. Yalinuka plastiki. Bibi aliyamwaga kwenye shina la mwarobaini, akamwambia jirani ahsante, na kwamba kosa si lake, bahari ni ya kwendewa.

Sasa nikwambie habari ya Mpwapwa, maana baada yake mambo hayakuwa yale yale. Tulikuwa tumepeleka mzigo, tumekula, bibi ameshamshikashika ndama kwa mkono wake wa kushoto, tumeanza kurudi mapema kama kawaida. Njiani kulikuwa na korongo la kuvuka, mto wa mchanga mtupu ambao asubuhi tuliupita watoto wakichimba maji ndani yake kwa vibuyu. Tulipoufikia ulikuwa na maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo, yanakwenda na magogo. Pale tulipo hapakuwa na tone la mvua. Ilinyesha huko milimani, maji yakateremka.

Watu walikuwa wamekaa kandokando na pikipiki zao, wanasubiri yapungue, wanapiga soga. Bibi hakukaa. Alisimama kwenye ukingo, ngumi ndani ya khanga, akatazama maji, akatazama jua.

"Mwanangu," alimwambia jirani, "hili gari haliwezi?"

"Mama, likiingia hapo tunalifuata sote mpaka Pwani."

"Jaribu kidogo tu."

"Mama."

"Basi mimi nitavuka kwa miguu. Ng'ambo nitapata pikipiki."

Jirani alimshika mkono. Sikuwahi kumwona akimgusa bibi kabla ya siku ile. Alimshika tu, na bibi akaachia kilio kidogo, kifupi, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Maji yalipungua giza likiwa limeingia. Tulivuka tumefungua milango ili tusikwame ndani, na njia nzima hakuna aliyezungumza. Usingizi haukumkamata jirani.

Nyumbani tulimkuta mke wa jirani ameketi sakafuni, mgongo wake ameupa ukuta, mjomba amemweka mbele yake kifuani kama mtoto. Alikuwa ameweka mwili wake kati ya kile kichwa na ukuta. Kidevu chake kilikuwa kimevimba na mdomo umepasuka. Bibi aliupeleka mkono wa kushoto, ule wa ndama, na mjomba akaupiga ukaruka. Ndiyo siku pekee aliyoukataa mkono wa bibi mwenyewe. Alikula, lakini kwa muda mrefu sana, tonge baada ya tonge, huku machozi ya bibi yakimdondokea kwenye ndevu. Mke wa jirani aliniona nimesimama mlangoni, akanivuta akaniambia, kwa mdomo ule uliovimba, "Kula achari mwanangu, imebaki."

Tangu hapo bibi hakukubali tena safari yenye mto katikati. Alimwuliza mwalimu wangu wa jiografia, aliyekuja nyumbani kwa mambo ya shule, kati ya Dodoma na bahari kuna mito mingapi. Mwalimu akaanza kuihesabu kwa vidole. Alipofika mkono wa pili bibi alimwambia inatosha, mwalimu, karibu uji.

Miaka ikaenda. Macho ya jirani yakaanza kuingia ukungu, akaacha kuendesha, akaiuza pikapu kwa mtu wa kusomba mchanga. Safari zikaisha hivyo, bila mtu kutangaza kwamba ile ya Jumamosi iliyopita ilikuwa ya mwisho. Bibi alijitahidi. Alikwenda sokoni kwa miguu akarudi na iliki, na samaki wakavu, na nyanya zilizopondeka, na mjomba alinusa kwa adabu. Nasema kwa adabu kwa sababu sina neno jingine. Soko alikuwa amelimaliza.

Halafu wakaanza kujenga reli ya treni ya umeme. Nguzo zilipoanza kuonekana, jirani, ambaye sasa alikuwa anashika ukuta akitembea, alikuja mwenyewe kumpa bibi habari.

"Mama, wakimaliza hii, unakunywa chai hapa hapa, mchana unakanyaga bahari, jioni unamlisha mtoto wako."

"Na mito?"

"Inapita juu ya mito. Juu kabisa."

Kuanzia siku ile kila nilipotoka chuo bibi aliniuliza, "Imefika wapi?" kana kwamba treni ni mgeni aliyeko njiani na mizigo. Nilikuwa namwambia nilichosikia kwenye redio, au kwa wenzangu. Nilipokuwa sina habari nilimwambia bado wanajenga. Alikuwa ameshaamua hata khanga atakayovaa, ya pamba nzito, isiyopitisha hewa.

Mjomba alianza kukohoa msimu wa baridi, ule upepo wa Dodoma unaoingia mpaka kwenye mifupa. Kwenye mkeka wake hakutaka tena kuhamishwa kufuata jua. Matonge yakapungua ukubwa, kisha idadi, kisha ikawa uji tu. Alifariki asubuhi, bibi amemshika, na treni ilikuwa bado haijaanza kubeba abiria. Ilikuwa karibu. Ndicho kinachonikera mpaka leo, kwamba ilikuwa karibu. Nimekaa mara nyingi nikifikiria kama wangeharakisha kipande fulani, au kama ule upepo ungekuja mwaka unaofuata, najua hakuna maana, na bado nafikiria.

Kwetu siku ya kuanua matanga ndugu huketi pamoja, nguo za marehemu zikagawiwa na mambo ya waliobaki yakazungumzwa. Nguo za mjomba zilikuwa chache, hazikuchukua muda. Ndipo mama mdogo, anayeishi Dar es Salaam, mwenye moyo mzuri kuliko sisi sote, alisimama akasema kwamba mama yetu amebeba mzigo huu kwa maisha yake yote, hajalala hata kwenye harusi ya mtoto wake mwenyewe, sasa Mungu amempumzisha. Treni inaanza. Tumpeleke baharini, akae huko hata mwezi, alale mpaka achoke kulala. Watu wakaitikia, "Kweli kabisa." Wengine walilia kwa furaha ya jambo lenyewe.

Bibi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. Aliwaangalia mmoja mmoja.

"Nani aliwaambia nilikuwa nimechoka?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama anataka kujua kweli. Mtu mmoja akauliza kama chai imechemka.

Treni ilianza. Mtaa mzima ulipanda, watu walikwenda Dar es Salaam kula samaki na kurudi. Bibi hakuiulizia tena. Hakuuliza hata imefika wapi. Jirani na mke wake walihamia Morogoro kwa binti yao, nyumba yao ikavunjwa, na sasa panajengwa ghorofa la kupangisha, na mafundi wanatupa mabaki ya saruji kwenye ua wetu. Mimi nilihitimu. Nikakaa nyumbani nikituma maombi ya kazi na kusubiri simu, na bibi akanipikia, na tukawa tunakula wawili tu.

Mpaka nikaitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Sikulala. Alfajiri bibi alinikuta napiga pasi shati ambalo nilikuwa nimeshalipiga.

"Nitakusindikiza," alisema.

"Mpaka stesheni?"

"Mpaka huko huko."

"Bibi, ni Dar es Salaam."

"Najua ni Dar es Salaam. Siendi kuona maji, mume wangu. Nakwenda kukushikia bahasha ya vyeti. Mikono yako yote inatoka jasho."

Treni iliruka mito kama jirani alivyosema. Bibi alikaa dirishani. Kila tulipopita daraja aliniuliza, "Huu ni mto?" Nikamwambia ndiyo. "Na tumeshauvuka?" Tumeshauvuka. Baada ya kadhaa hakuuliza tena, alifumba macho tu, na mimi niliogopa kumtazama.

Usaili sitauzungumzia. Nilipotoka alikuwa kwenye benchi la mapokezi, ameishika bahasha yangu tupu kwa mikono miwili. Tulikuwa na muda kabla ya treni ya kurudi, nikamwambia kwa kuwa tumeshafika, basi. Akasema haya. Mke wa jirani alisema kweli, niliisikia kabla sijaiona, ile harufu, chumvi na kitu kinachooza na kitu kinachoanza. Nilimgeukia bibi. Pua zake zilikuwa zimefunguka. Alisimama palepale barabarani, watu wakimpita, akavuta pumzi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoifahamu.

Ufukweni alisimama nilipomwambia asimame, nikapiga ile picha. Kisha wimbi likaja likamlowesha viatu. Aliinama, akachovya mkono wa kulia, akaonja.

"Ni chumvi kweli," alisema.

"Gusa vizuri, bibi."

"Nimegusa."

Alijifuta kwenye khanga. Mkono wa kushoto ulikuwa na bahasha yangu, nikataka kuipokea, akaisogeza pembeni. "Acha," aliniambia. "Haya, tumeyaona. Twende."

Tulifika Dodoma jua bado lipo. Stesheni ile ni kubwa, inang'aa, na watu waliteremka wakikimbilia nje kwa wenye bodaboda, wanaita, wanapiga simu, niko hapa, nimefika, wekeni chakula. Mimi nami nilianza kutembea haraka, ndivyo nilivyolelewa, jioni ni ya kuwahi. Nilipogeuka bibi hakuwepo nyuma yangu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa zege kando ya mlango, miguu ameinyoosha kama siku ya matanga.

"Bibi, umechoka?"

"Hapana."

"Twende basi, tuwahi."

Alinitazama kwa upole, kama ananionea huruma. "Tuwahi nini?"

Nikakaa karibu yake. Abiria wakaisha. Hewa ikaanza kupoa, kuku wa watu huko mitaani lazima walikuwa wanaingia bandani. Dada mmoja wa usafi alikuja na mopu yake, akamwamkia bibi shikamoo, akatuangalia kwa wasiwasi.

"Bibi, mnamsubiri nani? Hakuna treni nyingine sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu," bibi alimjibu. "Hatumsubiri mtu. Fanya kazi yako, tutainua miguu."